"Msimwambie, atakata tamaa"

Mama mkubwa wangu alipopatikana na kansa ya shingo ya kizazi tulikaa kikao sebuleni tukakubaliana asiambiwe, dokta tukamvutia pembeni koridoni tukamwomba aseme ni vidonda tu, na kweli akasema. Naandika coz najua kuna familia saa hii iko kwenye kikao kama kile, na maneno yanayosemwa humo mengi sio kweli.

"Asipoambiwa hajui." Hii ndo imani potofu kubwa kuliko zote. Jamani mgonjwa anajua, mwili ni wake, anaona magauni yanavyompwaya, anaona wajomba wanashuka toka Lushoto wakati sio Idi wala hakuna harusi, akiamka tu mazungumzo yanakatika. Siku moja nampa uji akaniuliza, mwanangu, hizi kanga zangu za sandukuni mtampa nani? Nikamwambia utazivaa mwenyewe mama ukipona. Akageukia ukutani, uji ukapoa. Alikuwa anatafuta pa kuanzia kuongea na mimi nikamziba mdomo, akabaki na hofu yake peke yake ndani ya nyumba imejaa watu.

"Akijua atakufa haraka, na kumwambia ni kumchuria." Neno halikuzi kansa. Kuna utafiti wa Marekani ulitoka 2010, wagonjwa 151 wa kansa ya mapafu iliyosambaa, walioanzishiwa mapema tiba shufaa, yaani huduma ya kupunguza maumivu na mateso ya mgonjwa, ambayo ndani yake wanaongea naye kuhusu hali yake na anachotaka, waliishi kama miezi 11.6 na wenzao 8.9, na sonona ilikuwa kidogo kwao. Kwetu huduma hiyo ipo, hospitali ya kansa ya Ocean Road pale Dar wanayo, iulizieni mapema msisubiri mpaka ashindwe kunyanyuka.

"Dokta kasema miezi mitatu, basi ni mitatu." Hayo ni makadirio tu na mara nyingi wanakosea, tena wanakosea kwa kuongeza. Muulizeni hivi: tunahesabu siku, wiki au miezi? Hapo atawajibu vizuri zaidi.

"Ndugu ndo waambiwe kwanza." Taarifa ni za mgonjwa. Najua kwetu mtu haugui peke yake, ila yeye ndo wa kusema nani ajue na yeye mwenyewe ajue kiasi gani, wengine kweli hawataki na hiyo ni haki yao. Kwa hiyo anaulizwa kwanza, ungependa tukueleze yote au tuongee na mwanao? Swali dogo tu hilo, sisi hatukumuuliza.

Madeni yake ya kikoba tulikuja kuyasikia msibani watu wakidai, wasia hakuna, na kuna dada yake waliyekuwa hawasemeshani miaka alifika tumeshamzika. Kanga tuligawana kwa kukisia.