Tuzo ya makala bora ya mwanafunzi: nani anaruhusiwa kuishindania?

Kila msimu wa makongamano, wanafunzi wa uzamivu huja ofisini kwetu na swali lilelile: "Makala yangu imekubaliwa. Je, naweza kuishindanisha kwenye tuzo ya makala bora ya mwanafunzi?" Mara nyingi inakuwa wamechelewa. Nafasi ya kujitambulisha kuwa mwanafunzi ilikuwa kisanduku kimoja kidogo kwenye fomu ya kutuma makala, nao walikipita bila kukitia alama. Inaniuma kila mara, maana kazi nyingine ni nzuri kwelikweli.

Tuzo hii hupewa makala. Kamati haiangalii alama zako za darasani. Inasoma kurasa ulizotuma na kujiuliza kama kazi hiyo ni ya mwanafunzi kweli. Namna ya kulijibu swali hilo hutofautiana kati ya kongamano na kongamano, na hapo ndipo wengi hujikwaa.

Mfano ninaoupenda ni STOC, mkutano wa kila mwaka wa nadharia ya kompyuta uliofanyika kwa mara ya kwanza mwaka 1969. Tuzo yake ya wanafunzi ina jina la Danny Lewin, aliyekuwa mwanafunzi wa uzamivu katika chuo cha MIT, Marekani. Miaka ile ya 1990, tovuti iliyovamiwa na wasomaji wengi kwa mpigo ilielemewa na kukwama. Mwaka 1997, Lewin na wenzake watano walipeleka STOC makala iliyoonyesha jinsi ya kugawa kurasa za wavuti kwenye kompyuta nyingi, ili kompyuta moja ikiongezwa au ikiharibika, ni sehemu ndogo tu ya kurasa ihamishwe. Kwa njia iliyozoeleka, badiliko dogo kama hilo lingeweza kuvuruga karibu mgao wote. Mwaka uliofuata, Lewin na profesa wake, Tom Leighton, walianzisha kampuni ya Akamai. Tarehe 11 Septemba 2001, akiwa na umri wa miaka 31, Lewin aliuawa ndani ya ndege ya American Airlines namba 11 iliyotekwa baada ya kuruka kutoka Boston. Shahada yake ya uzamivu alikuwa hajaimaliza.

Sharti la tuzo hiyo ni kwamba waandishi wote wa makala wawe wanafunzi wa muda wote siku inapotumwa. Si mwandishi wa kwanza peke yake, wote. Kwa kipimo hicho, hata makala ya Lewin ya mwaka 1997 isingeruhusiwa kushindania tuzo yenye jina lake, kwa sababu kati ya waandishi wake sita walikuwamo maprofesa wawili, Leighton na David Karger.

Kwa nini ukali wote huo? Katika nadharia ya kompyuta, majina ya waandishi hupangwa kwa alfabeti ya majina ya ukoo. Mwenye jina la K anamtangulia mwenye jina la L, basi. Mpangilio wa majina haumwambii msomaji ni nani aliyelipata wazo na nani aliyekesha akiandika uthibitisho. Hivyo njia iliyo wazi ya kujua kwamba kazi ni ya mwanafunzi ni kutokuwapo kwa profesa kwenye orodha. Kongamano lake ndugu, FOCS, hufuata utaratibu huohuo kwa tuzo yake ya Machtey. Kamati zina uhuru wa kuigawa tuzo kwa makala zaidi ya moja, au kutoitoa kabisa.

Nyanja ambazo jina la kwanza ni la aliyebeba mzigo mkubwa huwa na masharti mepesi zaidi: mwanafunzi awe mwandishi wa kwanza, msimamizi anaweza kufuata. Baadhi hudai pia barua ya msimamizi inayoeleza mchango wa mwanafunzi, au hutaka mwanafunzi mwenyewe asimame kuwasilisha. Hili la mwisho liangaliwe mapema na mtu anayehitaji viza.

Kwenye vyuo vyetu vya Afrika Mashariki kuna mambo mawili yanayohitaji uangalifu. La kwanza ni mazoea ya kuweka jina la msimamizi kwenye kila makala ya mwanafunzi. Msimamizi aliyechangia wazo, uchambuzi au uandishi anastahili kuwamo, na kumfuta ili upate tuzo ni udanganyifu. Lakini aliyesoma rasimu na kutoa ushauri wa jumla, mahali pake ni kwenye shukrani. Mazungumzo haya yafanyike kabla ya kuanza kuandika, kwa heshima, na yahifadhiwe kwa maandishi. Mwanafunzi asiachwe kuyaanzisha peke yake. Nawaomba wasimamizi walitaje jambo hili wao kwanza.

La pili ni kwamba wengi wa wanafunzi wetu wa uzamivu ni wahadhiri wasaidizi walioajiriwa. Ukisoma huku unafundisha, huenda usihesabiwe kuwa mwanafunzi wa muda wote. Waandikie waandaaji uwaulize, na uombe barua ya usajili inayotaja hali yako ya masomo. Angalia pia tarehe inayohesabika. Pale ambapo hali yako inapimwa siku ya kutuma, ukihitimu kabla ya kongamano bado umo; ukihitimu kabla ya kutuma, umetoka.

Jihadhari na barua pepe zinazokupongeza kwa tuzo usiyoiomba, kisha zikakudai ada ili upewe cheti. Hizo ni biashara. Usilipe.

Na ukikosa tuzo, au makala yenyewe ikikataliwa, ukumbuke jaribio la mwaka 2014 la NIPS, kongamano kubwa la kujifunza kwa mashine (yaani kompyuta zinazojifunza kutokana na data) ambalo leo linaitwa NeurIPS. Waandaaji walizipeleka makala 166 kwa kamati mbili zilizofanya kazi kila moja kivyake. Kamati hizo zilitofautiana kwenye karibu robo ya makala: hapa imekubaliwa, kule imekataliwa. Andiko ni lilelile.

Kwa walio kwenye akili unde na kujifunza kwa mashine barani kwetu, kuna pia tuzo ya Kambule ya Deep Learning Indaba, mkutano ulioanza Johannesburg mwaka 2017 na kufika Nairobi mwaka 2019. Tuzo hiyo imepewa jina la Thamsanqa Kambule, mwalimu wa hisabati wa Afrika Kusini. Yenyewe huangalia tasnifu nzima ya uzamivu, kwa hiyo aliyemaliza na kukosa sifa ya kuitwa mwanafunzi asome wito wake wa maombi.

Anayeandaa makala sasa hivi aje na vitu viwili: wito wa makala wa kongamano lake (tangazo lenye masharti ya kutuma) na orodha ya waandishi. Tutausoma pamoja, sharti kwa sharti, kabla ya siku ya mwisho ya kutuma.