Kinyama cha uvimbe wa tumbo hakibebwi kwenye chupa ya maji

Ndugu wa wagonjwa hulalamika kwamba majibu ya kinyama, yaani kipande cha uvimbe kinachopimwa, yanachelewa. Mara nyingine kosa ni letu sisi wa maabara. Lakini nyama ikifika maabara imeelea kwenye maji ya kunywa, hakuna darubini ya kuiokoa, na kwa uvimbe adimu wa saratani kama ule uitwao GIST hasara yake ni kubwa.

GIST huota ndani ya ukuta wa njia ya chakula: takribani wagonjwa 6 kati ya 10 kwenye tumbo lenyewe (mfuko wa chakula), 3 kwenye utumbo mwembamba. Kwa kuwa umejificha chini ya utando, kamera inayoingizwa kupitia mdomoni huona kinundu tu, na koleo lake hunyofoa utando bila kugusa uvimbe. Majibu yanarudi "hakuna saratani", mgonjwa anarudi kwenye omeprazoli, dawa ya vidonda vya tumbo, choo bado cheusi kama lami na damu inazidi kupungua. Hapo ombeni CT-Scan yenye dawa ya kung'arisha, na penye huduma hiyo, ultrasaundi ya ndani ya kamera yenye sindano.

Kuna wanaokataa upasuaji kwa sababu "kisu kinaamsha saratani". Kinachoweza kuisambaza GIST tumboni ni uvimbe kupasuka. Uvimbe huu ni laini na huvuja damu kirahisi, hivyo mpasuaji haubani kwa koleo. Huukata pamoja na ukingo wa ukuta mzima. Ukipasukia tumboni, mgonjwa anahesabiwa wa hatari kubwa hata kama ulikuwa mdogo. Tezi za limfu kwa kawaida haziguswi, kwani GIST hukimbilia ini na utando unaofunika viungo vya tumboni. Ukiwa mkubwa mno, mgonjwa huweza kuanzishiwa imatinib, vidonge vya kudhibiti uvimbe huu, miezi 6 hadi 12 ili usinyae kwanza.

Sasa chombo, maana hapa ndipo mambo huharibika. Kiwe cha mdomo mpana: nyama ikishakakamaa haitoki kwenye shingo ya chupa. Fomalini, dawa ya kuhifadhi nyama isioze, iwe ya asilimia 10, ujazo wake mara 10 ya nyama. Hupenya polepole, kama milimita 1 kwa saa, kwa hiyo uvimbe mkubwa, ukishatolewa mwilini, hukatwa kwanza. Usipokatwa, nje hukakamaa na katikati huoza. Ukae humo saa 6 hadi 72. Si spiriti, si maji ya chumvi, wala friji. Jina liandikwe ubavuni, kwa sababu vifuniko hubadilishana. Fomu itaje umri, jinsia, mahali uvimbe ulipotoka, saa ulipotolewa na kama ulipasuka. Jina lisipolingana na fomu, sampuli inarudishwa. Mnaita urasimu, sisi tunakwepa kumpa mtu saratani ya jirani yake.

Maabara hupima ukubwa, huhesabu seli zinazogawanyika katika milimita 5 za mraba, na hutafuta alama za CD117 na DOG1, protini zinazoitambulisha GIST. Seli zinazogawanyika zikizidi 5, hatari inapanda, na zaidi kwenye utumbo mwembamba. Mwenye hatari kubwa kwa kawaida hupewa imatinib miligramu 400 kwa siku, miaka 3, pamoja na chakula na glasi kubwa ya maji. Kujisikia vizuri si ruhusa ya kuiacha.

Mabadiliko ya jeni yaitwayo D842V hayasikii dawa hiyo, na kipimo chake hufanywa kwenye kitofali cha nta chenye nyama ileile. Mkipewa rufaa, ombeni kitofali na slaidi (vioo vya darubini). Karatasi ya majibu peke yake haitoshi.