Mkataba wa Ardhi Una Saa Yake

Kuna maneno ninayoyasikia kuanzia Bombo hadi Arua: "Karatasi yangu iko sandukuni, mahakamani nitakwenda siku yoyote." Huniumiza, kwa sababu mara nyingi anayeyasema alilipa kwa haki, kisha akangoja kwa adabu.

Siku yoyote haipo. Sheria ya Ukomo ya Uganda inatoa miaka 6 ya kushtaki kwa mkataba uliovunjwa, na miaka 12 ya kudai ardhi yenyewe. Hapo ndipo wengi huchanganyikiwa. Ulilipa, hukupewa kiwanja, sasa unataka fedha zako: hilo ni dai la mkataba, miaka 6. Ulikabidhiwa shamba, ukalima, kisha mtu akakufukuza na unataka kurudi: hilo ni dai la ardhi, miaka 12. Kama aliyevunja mkataba ni serikali au halmashauri, muda ni miaka 3 tu. Na jaji hana nafasi ya kukuonea huruma. Hati ya madai ikionyesha yenyewe kuwa muda umepita, hukataliwa kabla shahidi hajafungua mdomo. Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishalisema hilo katika kesi dhidi ya Chuo Kikuu cha Makerere iliyoripotiwa mwaka 1972, na mawakili wanaitaja hadi leo.

Wengine huhesabu tangu siku ya kutia saini. Hapana, saa huanza siku haki yako ilipovunjwa. Tuseme ulinunua kipande cha mailo, yaani ardhi ya umiliki wa kudumu, Luweero Machi 2015, na muuzaji akaandika kwamba hati miliki utaipata kabla ya mwisho wa Desemba 2016. Saa yako ilianza mwezi huo ulipokwisha bila hati. Mkataba usiotaja tarehe ya makabidhiano huwaacha watu wakibishania mwanzo wa saa, na ubishi huo peke yake unaweza kula miaka ya kesi.

"Lakini tulikuwa bado tunazungumza." Hili ndilo linalowaponza watu wema. Wazee wamekaa chini ya mwembe mara tatu, mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, ameitwa, muuzaji ameapa atalipa baada ya mavuno. Kikao hakisimamishi saa. Katika deni la fedha, kinachoweza kuianzisha upya ni mdaiwa kukiri kwa maandishi na kutia saini, au kulipa sehemu. Kwa hiyo akisema, "Nitakurudishia, ndugu yangu," mwambie, "Ahsante mzee, tuandike." Kuomba karatasi si kumvunjia mtu heshima.

Ulaghai nao una kanuni yake: muda huanza siku ulipougundua, au siku ambayo mtu makini angeugundua. Lakini ni lazima uueleze ndani ya hati ya madai, nani alifanya nini na lini, na uthibitishe kwa kiwango cha juu kuliko madai ya kawaida. Asiyewahi kwenda ofisi ya ardhi kukagua rejista atapata shida kueleza umakini wake ulikuwa wapi.

Tuje kwenye ushahidi. Muhuri wa LC1 unaheshimiwa sana vijijini, lakini haumpi mtu umiliki. Mwenyekiti ni shahidi kama mashahidi wengine. Na makubaliano ya mdomo? Sheria ya Mikataba ya 2010 inataka mkataba unaozidi shilingi 500,000 uwe wa maandishi, na ni kiwanja gani leo kiko chini ya hapo? Maandishi hayo, kwa sheria hiyohiyo, yanaweza kuwa ya kielektroniki, mradi yanaweza kusomwa tena baadaye. Basi ujumbe wa kutuma pesa kwa simu usiufute.

Jambo linalosahaulika kuliko yote ni lugha. Mzee ameweka dole gumba kwenye mkataba wa Kiingereza asichokijua. Sheria ya kuwalinda wasiojua kusoma inamtaka aliyemwandikia aweke humo jina lake kamili na anwani yake. Mahakama ya Juu ya Uganda imewahi kukataa hati isiyotimiza sharti hilo. Mnunuzi pia anaumia hapo, maana karatasi aliyoitegemea ndiyo inayoanguka.

Mkataba usiolipiwa ushuru wa stempu haujafa. Mahakama haitaupokea kama ushahidi mpaka ushuru na faini vilipwe, basi. Ridhaa ya mke au mume ni jambo zito zaidi: ardhi ambayo familia inaishi au inapata riziki ikiuzwa bila ridhaa hiyo, mauzo ni batili, hata ukiwa na mashahidi kumi.

Kama una mkataba wa zamani, utoe sandukuni wiki hii. Tafuta tarehe ambayo ahadi ilivunjwa, hesabu miaka, kisha umtembelee shahidi aliye mzee kuliko wote, aandike anachokumbuka angali na nguvu.