Mlimani Breki Hazifeli, Humalizwa: Sheria za Newton kwa Dereva wa Lori

Kila inapokaribia Wiki ya Nenda kwa Usalama Barabarani, sisi wa ukaguzi wa magari tunapitia upya maelezo ya madereva wa malori, na sentensi moja inajirudia kuliko zote: "Nikiwa nateremka mlima, breki zilifeli." Dereva akishaandika hivyo anaona amemaliza. Hatuna sababu ya kudhani anadanganya. Pamoja na hayo, sentensi hiyo mara nyingi haielezi kilichotokea, na ndiyo maana safari hii tumeamua kuzungumza na madereva, wamiliki na matingo, hasa wanaopita miteremko ya Kitonga, Sekenke, Inyala na Iwambi hapa Tanzania. Ajali mahususi hatutazigusa. Mashauri yana mahali pake.

Sheria tatu za mwendo za Isaac Newton zilichapishwa mwaka 1687 na zinafundishwa sekondari hadi leo, kwa hiyo hatutazirudia neno kwa neno. Twende moja kwa moja mlimani.

Chukua lori lenye tela, lina jumla ya tani 56, ambayo ndiyo kiwango cha juu kinachoruhusiwa na Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016. Liweke kwenye mteremko unaoshuka mita 8 kwa kila mita 100 za barabara. Sehemu ya uzito inayolivuta kufuata mteremko ni kama niutoni 44,000 (niutoni ni kipimo cha kani, yaani nguvu ya kuvuta au kusukuma). Msuguano wa matairi yanapobingirika unapunguza kama 4,000 tu. Zinabaki 40,000, na hizo hazichoki, hazipumziki, wala hazisubiri dereva awe tayari.

Sasa dereva anaweka gia nyutro, yaani injini inaachana na matairi. Gawanya niutoni 40,000 kwa kilo 56,000: unapata mchapuko, yaani ongezeko la mwendo, wa karibu mita 0.7 kwa sekunde katika kila sekunde. Linaonekana jambo dogo. Lori lililoanza na mwendo wa kilomita 20 kwa saa, tukiacha kuhesabu ukinzani wa hewa, baada ya sekunde 30 litakuwa linakaribia kilomita 96 kwa saa, na litakuwa halijamaliza hata nusu kilomita ya mlima. Hiyo ndiyo sheria ya pili, kwamba kani isiyozuiwa hubadilisha mwendo, na haijali uzoefu wa mtu aliyeshika usukani.

Tunaambiwa nyutro inaokoa mafuta. Hapana. Injini nyingi za dizeli za siku hizi, zinazoendeshwa kwa kompyuta, hukata mafuta kabisa gari likiwa kwenye gia na mguu ukiwa umeondoka kwenye mafuta. Matairi ndiyo yanayoizungusha injini. Ukiweka nyutro, injini inalazimika kuchoma mafuta ili isizime. Kwa hiyo dereva anapoteza nguvu ya injini ya kulizuia gari, na mafuta juu yake. Tumelisema hili kwenye semina, tumelisema stendi, tumelisema mizani, na bado tunaulizwa kana kwamba ni jambo jipya.

Kosa la pili ni la kufikiri kwamba gari linaloshuka kwa mwendo usiobadilika halina kani yoyote juu yake. Sheria ya kwanza haisemi hivyo. Inasema mwendo usipobadilika, kani zote zikijumlishwa zinapata sifuri. Lori linaloshuka taratibu kwa kilomita 30 kwa saa bado linavutwa na zile niutoni 40,000, na kuna kitu kinachovutana nazo kurudi nyuma kwa nguvu ileile. Swali la maana ni kitu gani. Kama ni injini, vizuri. Kama ni breki za mguu peke yake, basi breki hizo zinapokea joto la kiasi cha kilowati 333 wakati wote wa kushuka, sawasawa na birika za umeme zaidi ya mia moja na sitini zinazochemka kwa pamoja chini ya gari. Kwa kilomita 60 kwa saa joto hilo huongezeka maradufu, maana mlima ni uleule ila muda wa kuushuka umekatwa nusu.

Dramu, yaani ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu, ikipata joto hilo hutanuka na kuikimbia laining'i inayoibana, na laining'i yenyewe ikichemka sana hupoteza msuguano. Dereva anakanyaga, pedali inakwenda, upepo unaosukuma breki upo, gari halipungui mwendo. Hapo ndipo anapoandika "zilifeli". Lakini gari hilohilo likivutwa na likishapoa, mara nyingine tunakuta mfumo wa upepo mzima, mabomba mazima, breki zinakamata. Breki hazikuharibika ghafla pale kwenye kona. Zilimalizwa kidogo kidogo kuanzia kileleni.

Wapo wanaosema upepo uliisha. Inawezekana, hasa kwa anayekanyaga na kuachia mara kwa mara wakati kompresa, ile pampu ya upepo, haiwahi kujaza mitungi. Ila kwenye magari yenye breki za springi, upepo ukiisha springi ndizo zinazokandamiza breki. Gari linapaswa kujifunga lenyewe. Likiendelea kukimbia, turudi kwenye joto, au kwa fundi aliyezifunga springi zisifanye kazi ili tela lisisumbue njiani. Kwa hili la pili hatuna subira hata kidogo. Gari linazuiliwa hapohapo, na mmiliki anaitwa pamoja na dereva.

Njia sahihi inaanzia kabla ya mlima. Punguza mwendo juu, ingiza gia nzito kabla ya kuanza kushuka, washa breki ya injini kama gari linayo. Gia nzito huzidisha kani ya injini inapofika kwenye matairi, ndiyo sababu gia hiyohiyo inayokupandisha ndiyo inayokushikilia. Mwendo ukizidi ule uliopanga, kanyaga breki kwa uthabiti mpaka ushuke chini yake kidogo, kisha achia dramu zipumue. Usiweke mguu kwenye pedali mlima mzima. Maelekezo ya mtengenezaji wa gari lako, na ya askari aliyepo barabarani, yanatangulia makala haya.

Kuhusu uzito, kuna ubishi ambao hauishi: kwamba gari lenye mzigo "limetulia" na tupu ndilo linalorukaruka. Kwenye mteremko, bila breki, lenye mzigo na tupu yanachapuka karibu sawa, kwa kuwa uzito ukiongezeka mara mbili, kani ya kulivuta nayo huongezeka mara mbili. Tofauti iko kwenye breki. Dramu ni zilezile. Ukiongeza tani 6 juu ya zile 56, umeongeza joto kwa zaidi ya asilimia 10 bila kuongeza hata inchi moja ya chuma cha kulipokea. Ukikamatwa mizani na uzito uliozidi unaandikiwa tozo, na utatakiwa kushusha mzigo au kuupanga upya kabla ya kuendelea. Mwenye nondo au magogo aangalie pia minyororo: kichwa cha lori kikisimama ghafla, mzigo usiofungwa unaendelea na safari, na mbele yake kuna dereva.

Sheria ya tatu, kwamba kinachosukumwa nacho husukuma kwa kani ileile, inaeleweka vibaya kuliko zote. Breki zinasimamisha gurudumu. Gari linasimamishwa na barabara. Tairi linaisukuma lami kwenda mbele, nayo lami inalisukuma tairi kurudi nyuma kwa kani ileile. Tairi kipara kwenye mvua halipati kitu cha kusukuma, hata breki ziwe mpya za jana. Na lori likigonga bajaji, kani zinazopita kati yao ni sawa pande zote mbili. Ila lori la tani 56 na bajaji ya kilo 600 pamoja na abiria wake haviyumbi sawa. Bajaji inachapuka mara zaidi ya 90 ya lori. Dereva wa lori akisema "sikusikia kitu", inawezekana kabisa anasema kweli.

Sasa utaratibu. Gari lenye uzito unaozidi kilo 3,500 haliruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa, na kwenye maeneo ya makazi yenye alama ni 50 kwa magari yote. Kumbuka hivyo ni vikomo, havimaanishi mlima unaushuka kwa 80. Ukiandikiwa kosa, faini hutozwa kwa kila kosa: mwendo ni moja, tairi ni jingine, taa ni jingine, hivyo makosa matatu ni faini tatu, wala hayajumlishwi kuwa moja. Unapewa namba ya kumbukumbu ya malipo na unalipa benki au kwa simu. Usimpe askari fedha mkononi, na usikubali risiti isiyo na namba hiyo. Usiyekubaliana na kosa una haki ya kupelekwa mahakamani. Huko mahakama ndiyo itakayoamua, na adhabu yake haifungwi na kiwango cha faini ya barabarani. Deni hubaki kwenye namba ya gari, kwa hiyo anayenunua lori mkononi alitazame deni kabla ya kulipa bei. Makosa ya kuendesha kwa hatari yaliyosababisha kifo au majeraha hayamalizwi kwa malipo ya barabarani, na hakuna haja ya kutupigia simu kuomba iwe hivyo.

Wanaoleta magari kwa ukaguzi wa wiki hii waje na kadi ya gari, bima iliyo hai na leseni ya dereva yenye daraja E. Gari lisiwe na mzigo, na sehemu ya chini ioshwe ili mabomba yaonekane. Tela liwe limeunganishwa na mitungi imejaa upepo, maana breki za tela hatuwezi kuzipima kwa kuambiwa. Wanaoleta kichwa peke yake na kuomba stika ya ukaguzi ya vyote viwili watarudishwa kulifuata tela, hata kama limeachwa Mbeya.