Madina na yale mnayodanganyana kabla ya safari

Kila majibu ya udahili wa Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Madina yakitoka, vijana hunijia barazani na maneno yale yale. Huko nimesoma mwenyewe, na Kiarabu cha maandalizi nawasomesha mimi, basi kila mwaka nayajibu upya. Safari hii nayaandika, ili atakayeniuliza nimtumie tu.

"Ustadhi, mimi Kiarabu ninacho, nimekaa madrasa tangu utotoni."

Hili ndilo linalonichosha kuliko yote. Kijana amehifadhi juzuu kadhaa, tajwidi yake, yaani kanuni za kusoma Qur'ani, safi, makhraji ya herufi (mahali zinapotamkiwa) huna pa kumkosoa. Nampa ukurasa wa gazeti la Kiarabu, namwambia nisomee. Kwanza anatafuta alama za irabu, fataha na kasra, hazipo. Anaanza kubahatisha, na kwa kuwa ulimi umezoea msahafu, anatia ghunna, sauti ya puani, kwenye nuni na kuvuta madda, sauti ndefu, harakati sita katikati ya habari ya bei ya mafuta. Nikimuuliza gazeti limesema nini, anacheka.

Kusoma Qur'ani vizuri ni fadhila, na ulimi ule utamfaa. Lakini kitivoni hasomeshwi tajwidi peke yake. Vitabu vingi vya huko havina irabu. Irabu unazitia mwenyewe kichwani kwa nahau, ukishajua nani katenda na nani katendwa. Na mhadhiri hakungoji. Anaingia, anatoa salamu, anaanza kueleza hitilafu ya wanazuoni katika mas'ala moja: kauli ya kwanza na dalili zake, ya pili na dalili zake, majibu ya hawa kwa wale. Wenzako kutoka Nijeria na Indonesia wanaandika. Wewe bado unahangaika na neno la tatu.

Chuo hicho kilianzishwa mwaka 1961 na kinapokea wanafunzi wa dunia nzima, kwa hiyo tatizo hili wanalijua siku nyingi. Kuna maahad, yaani taasisi, ya lugha kwa wasio Waarabu. Ukifika unapimwa kwa mtihani; mwenye uwezo huingia kitivoni moja kwa moja, mwingine hupangiwa ngazi yake. Ngazi ni nne, na anayeanzia chini kabisa humaliza kwa kama miaka miwili. Hapo ndipo vijana wanaponuna. "Ustadhi, si nitapoteza miaka miwili?" Unapoteza nini, mwanangu? Posho unapata, bweni unalo, walimu wanakusomesha bure. Nimewaona waliobembeleza mpaka wakairuka maahad, kisha wakakesha wakinakili madaftari ya wenzao bila kuyaelewa. Na nimewaona walioanzia ngazi ya kwanza kabisa, wakaja kuwa ndio wanaowafahamisha wengine masomo usiku bwenini.

Mtaani nako kuna mtihani mwingine. Wewe umejiandaa na Kiarabu cha kitabuni, dereva wa teksi anazungumza cha Hijazi, lahaja ya wenyeji, na muuza duka huenda katoka Bangladesh au Yemen, ana chake. Msifadhaike, kitazoeleka. Ila msikipeleke kwenye karatasi ya mtihani.

Dawa yangu ni moja na siibadilishi. Kila siku nusu saa ya taarifa ya habari ya Kiarabu, kalamu mkononi, uandike unachosikia, unakielewa hukielewi. Mwanzoni daftari litajaa upuuzi. Endelea tu. Wananiambia kuna programu za simu za kujifunzia lugha, zina picha za tufaha na paka. Sawa, lakini mimi nataka kuliona daftari.

Mengine nayapitia haraka.

"Kila swala nitaiswali Msikiti wa Mtume." Chuo kiko upande wa magharibi wa mji, kilomita kadhaa kutoka Msikitini, na asubuhi uko darasani. Adhuhuri wengi huswali msikiti wa chuo. Safari ya Haram, yaani huo Msikiti wa Mtume, ni ya jioni. Rawdha, ile sehemu ya msikiti iliyo kati ya nyumba ya Mtume na mimbari yake, nayo haiingiwi kama zamani, unaomba kibali kwenye programu ya simu ya Nusuk. Hadithi za wazee waliosoma miaka ya 1980 ni tamu, lakini mlangoni pa Rawdha hazikusaidii.

"Makka si jirani tu? Umra kila Ijumaa." Ni kama kilomita 450, yaani Dar es Salaam hadi Dodoma. Treni ya Haramain ipo tangu 2018 na inakufikisha kwa saa mbili na ushee, lakini nauli ya kila wiki posho haiibebi. Na fiqhi yake msiisahau: mikati, yaani mahali pa kuanzia ihramu, ya anayetoka Madina ni Dhul-Hulayfa, pale Abyar Ali. Treni haikusubiri uoge hapo, kwa hiyo vaa ihramu kabla ya kupanda na utie nia kabla hujaivuka mikati. Ukingoja Jeddah umechelewa.

"Kuna mtu anafanikisha maombi kwa laki tano." Chuo hakitozi ada ya maombi. Hiyo laki tano mpe mama yako.

"Posho inaanza siku ninayofika." Akaunti ya benki inataka iqama, kibali cha ukaazi, na iqama ina foleni yake. Chukua akiba ya kula na nauli ya wiki za mwanzo. Dola moja ni riyali 3.75, kiwango kisichobadilika miaka mingi sasa, hivyo atakayekubadilishia kwa chini sana ya hapo anakuibia.

"Arabuni hakuna baridi." Kiangazi joto hupita nyuzi 45, kweli. Lakini Madina iko kama mita 600 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Januari joto hushuka hadi karibu nyuzi 12. Mtoto wa Tanga au Mombasa anakwenda na kanzu mbili nyepesi na ndara, kisha ananipigia simu akitetemeka. Bebeni sweta nzito na soksi, na mafuta ya kupaka midomo, maana hewa ya kule ni kavu na midomo iliyozoea unyevu wa pwani huanza kupasuka mapema.