Tarehe 25 Novemba: siku moja, na tarehe moja

Anayevuka Daraja la Umoja kutoka Mtambaswala, wilayani Nanyumbu, akishuka upande wa pili wa mto huwa amefika Negomano, nchini Msumbiji, karibu na mahali ambapo mto Lugenda unamwaga maji yake katika Ruvuma. Daraja hilo lilifunguliwa tarehe 12 Mei 2010, na wengi wanaolitumia leo wana haraka ya safari na biashara zao. Kwangu mimi, niliyesomea historia na ambaye kwa miaka kadhaa sasa ninaandaa kalenda ya matukio kwa ajili ya wanafunzi na wasomaji wa Mtwara na Lindi, mahali hapo pana tarehe yake, nayo ni 25 Novemba.

Kalenda ya namna hii, ambayo wasikilizaji wa redio wameizoea kwa jina la "siku kama ya leo", hukusanya chini ya tarehe moja matukio, vizazi na vifo vya miaka mbalimbali. Watu hudhani kazi yenyewe ni kunakili tu. Ukweli ni kwamba kila tarehe inayoingia humo inapaswa kuulizwa maswali matatu: imehesabiwa kwa kalenda ipi, kwa saa za mahali gani, na ni nani aliyekuwapo akaiandika. Nimeichagua 25 Novemba kuyaeleza maswali hayo kwa sababu inatuhusu sisi wa kusini, na kwa sababu karibu kila tatizo la kazi hii limo ndani yake.

Nianze na Negomano. Mwezi Oktoba 1917, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, majeshi ya Kijerumani na ya Kiingereza yalipigana vita vikali sana huko Mahiwa, katika mkoa wa Lindi wa leo, na baada ya hapo Wajerumani wakasukumwa kuelekea Uwanda wa Makonde, wakiwa wameishiwa risasi, dawa na chakula. Kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck, aliwaacha nyuma wagonjwa na majeruhi wake, akabaki na askari takriban 1,700 na wapagazi takriban 3,000, akashuka hadi Ruvuma. Tarehe 25 Novemba 1917 waliuvuka mto na kuishambulia kambi ya Wareno, waliokuwa watawala wa Msumbiji wakati huo, kwa upande ambao haukutazamiwa. Kamanda wa Wareno, Meja João Teixeira Pinto, aliuawa siku hiyo hiyo, na washambuliaji wakajipatia bunduki, risasi, dawa na vyakula vilivyowawezesha kuendelea na vita kwa mwaka mzima mwingine.

Nasema mwaka mzima, na mwaka huo haukupungua wala kuzidi hata siku moja. Mkataba wa kusimamisha vita ulitiwa saini Ufaransa tarehe 11 Novemba 1918, lakini habari zilimfikia Lettow-Vorbeck siku mbili baadaye, akiwa katika eneo la Kasama, Zambia ya leo. Jeshi lake, ambalo lilikuwa bado na askari zaidi ya 1,100, liliweka silaha chini rasmi huko Abercorn, mji unaoitwa sasa Mbala, tarehe 25 Novemba 1918. Vita vilivyovuka mto wetu tarehe hiyo vilifungwa tarehe hiyo hiyo, mwaka mmoja baadaye. Hakuna aliyepanga iwe hivyo. Siku ya kusalimu amri ilitokana na mwendo wa miguu kutoka Kasama na mawasiliano ya simu ya waya, na mtu asitafute maana nyingine ndani yake. Hata hivyo, hapa ulingano wa tarehe unamsaidia msomaji, kwa kuwa unampa kipimo cha muda anachoweza kukikumbuka.

Kuna jambo la tatu la siku ile, na ndilo ninalolipenda kuliko yote. Tarehe 21 Novemba 1917 chombo cha angani cha Kijerumani kilichoitwa L 59, zepelini yenye urefu wa mita 226 iliyojazwa gesi ya haidrojeni, kiliondoka Jamboli, nchini Bulgaria, kikiwa na wahudumu 22 na shehena ya risasi na dawa. Kilikuwa kinakuja huku kwetu, kutua katika Uwanda wa Makonde. Hakikutazamiwa kurudi: kilikusudiwa kubomolewa hapa hapa, na kitambaa chake kigeuzwe mahema na nguo. Kilipokuwa juu ya Sudan, tarehe 23 Novemba, kilipokea kwa redio amri ya kurudi, kwa kuwa eneo ambalo kingetua halikuwa tena mikononi mwa Wajerumani. Kilitua Jamboli asubuhi ya tarehe 25 Novemba, baada ya saa 95 na kilomita 6,757 bila kugusa ardhi. Kwa hiyo siku ile ile ambayo L 59 ilikuwa inashushwa Bulgaria pamoja na dawa zake zote, watu iliokuwa ikiwatafuta walikuwa wanapora dawa za Wareno ng'ambo ya Ruvuma.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji watofautishe mambo mawili ambayo kalenda huyachanganya bila kusema. Negomano na Jamboli zilishiriki siku moja, jua moja. Negomano na Abercorn zilishiriki tarehe tu. Ukurasa wa "siku kama ya leo" huyapanga yote katika safu moja kana kwamba ni ndugu wa tumbo moja, ilhali ya kwanza ni mambo yaliyotukia pamoja na ya pili ni majina yanayofanana. Albert Einstein aliwasilisha milinganyo ya nadharia yake ya uhusianifu wa jumla mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia, mjini Berlin, tarehe 25 Novemba 1915, na Augusto Pinochet alizaliwa Valparaíso, Chile, siku hiyo hiyo ya mwaka huo huo. Hao walishiriki jua. Andrew Carnegie, aliyezaliwa Scotland tarehe 25 Novemba 1835, ameshiriki nao namba tu.

Swali la kalenda nalo halikwepeki. Siku ya Negomano, Warusi walikuwa wanaanza kupiga kura kuchagua Bunge la Katiba, lakini katika karatasi zao siku hiyo iliandikwa 12 Novemba, kwa sababu walikuwa bado wanatumia kalenda ya Juliasi, iliyokuwa nyuma kwa siku 13. Mwaka 1918 ndipo walipoiacha, na baada ya 31 Januari wakaingia moja kwa moja 14 Februari. Tatizo kama hilo linatugusa karibu zaidi tunapowafikia Wareno wa kale. Afonso de Albuquerque aliuteka mji wa Goa, nchini India, tarehe 25 Novemba 1510, miaka mitano tu baada ya Wareno kuivamia Kilwa, na kwa kuwa ilikuwa sikukuu ya Mtakatifu Katarina wa Aleksandria, kanisa kuu la Goa likapewa jina lake. Tarehe hiyo ni ya Juliasi. Kwa hesabu tunayoitumia leo ingekuwa 5 Desemba, kwani kalenda ya Gregori ilianza mwaka 1582, ambapo Alhamisi ya 4 Oktoba ilifuatwa na Ijumaa ya 15 Oktoba. Mimi nimeiacha Goa chini ya 25 Novemba, kwa sababu wahusika wenyewe waliijua siku yao kwa jina hilo na kuijengea kanisa, lakini huongeza neno "Juliasi" pembeni.

Swali la saa lilinifundisha adabu mwaka 2016. Fidel Castro alifariki Havana saa 4:29 usiku, Ijumaa ya 25 Novemba. Hapa Mtwara ilikuwa saa 12:29 asubuhi, Jumamosi ya 26, na mimi, niliyezisikia habari hizo asubuhi ile, niliandika 26 kwa uhakika wote. Nilipolirekebisha kosa hilo nilitambua kwamba lilikuwa limenificha jambo kubwa: Castro na wenzake, jumla yao 82, walikuwa wameondoka Tuxpan, Mexico, ndani ya mashua ya Granma tarehe 25 Novemba 1956, miaka 60 kamili kabla ya kifo chake. Miaka minne baada ya kifo hicho, tarehe 25 Novemba 2020, akafariki rafiki yake Diego Maradona.

Kiswahili, kwa bahati njema, kina chombo chake cha kulishughulikia tatizo la usiku, nacho ni maneno "usiku wa kuamkia". Tangazo la kifo cha Rais mstaafu Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso wilayani Masasi, lilitolewa usiku wa kuamkia Ijumaa ya 24 Julai 2020, na maneno hayo yanabeba ukweli ambao namba pekee ingeukata vipande viwili. Hivyo hivyo Mobutu alitwaa madaraka Kongo kutoka kwa Rais Kasa-Vubu usiku wa kuamkia 25 Novemba 1965. Serikali yake ikaadhimisha 24, vitabu vingine vikaandika 25. Lakini mtafiti awe mwangalifu anapozungumza na wazee wa Mikindani, Lindi au Kilwa, ambao kwao siku huanza jua linapozama: mzee akisema "usiku wa Ijumaa", anakusudia usiku ambao kijana wake ataandika kuwa ni wa Alhamisi.

Kuna tarehe zilizochaguliwa, ambazo hazina ulingano wa bahati hata kidogo. Shughuli za siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia, zinazofanyika pia katika wilaya zetu kila mwaka, huanza 25 Novemba kwa sababu siku hiyo mwaka 1960 Patria, Minerva na María Teresa Mirabal waliuawa katika Jamhuri ya Dominika chini ya utawala wa dikteta Trujillo. Umoja wa Mataifa uliitambua tarehe hiyo mwaka 1999. Nasikitika kwamba mabango mengi huitaja siku bila kuwataja dada hao.

Nimewataja wengi waliokufa, na karibu wote walikuwa na mtu wa kuwaandikia. Teixeira Pinto ana siku yake ya kifo. Wapagazi waliobeba mizigo ya pande zote za vita vile, ambao waliokufa miongoni mwao walikuwa makumi ya maelfu, na ambao jina la kikosi chao cha upande wa Waingereza, "Carrier Corps", limebaki katika neno Kariakoo, kwa sehemu kubwa hawana. Watu wa Newala, Masasi na Nanyumbu ambao vyakula vyao vilichukuliwa Novemba ile nao hawana. Katika simulizi za familia nilizozisikia huko, tarehe haitajwi kamwe. Hutajwa mwaka wa vita, kama Lindi wanavyotaja mwaka wa kimbunga wakiwa na maana ya 1952. Hata hivyo simulizi hizo zina kalenda ndani yake. Anayesema kwamba askari walipita kabla ya mvua za kwanza, wakati mashamba yamesafishwa na ghala lina chakula cha mwisho, amenipa mwezi. Akiongeza kwamba waliuvuka mto kwa miguu, amezidi kuubana muda huo, maana Ruvuma hauvukiki hivyo mvua zikishakolea.

Kwa hiyo msomaji mwenye simulizi ya namna hiyo kutoka kwa babu au bibi asiniletee tarehe aliyoikisia. Anieleze ni kijiji gani, nani alimsimulia, shambani palikuwa na nini, na mto ulikuwa umefika wapi.