Juisi ya boksi si sawa na tunda

Wazazi wengi huamini kwamba mtoto akinywa juisi ya boksi ni kama amekula tunda, na picha ya embe pale mbele huipa nguvu imani hiyo. Geuza boksi usome maelezo ya nyuma. Ukikuta sukari gramu 11 kwa kila mililita 100, boksi la mililita 250 lina gramu 27.5, karibu vijiko 7 vya chai. Hata juisi isiyoongezwa sukari huwa imepoteza nyuzinyuzi nyingi: mtoto huimaliza mara moja, haimshibishi, kisha anakula chakula chake kama kawaida. Uzito huongezeka hivyo, taratibu. Chungwa zima hutafunwa na hushibisha. Akilikataa, mpe kipande kidogo tena kesho, bila kumlazimisha. Wengine huzoea baada ya kujaribishwa mara 10 au zaidi.